Kukaza Uzi wa Mume Wetu

Tarehe 4 Februari

Kwako Mke Mdogo,

Pokea salamu za mke mwenzio. Sisi hatujambo. Kuku wawili wameanza kutaga, yule mweupe bado anakula bure kama mgeni aliyesahau kuaga. Paa la jikoni limezibwa, ingawa naona fundi amelihamishia tundu upande wa pili tu. Jirani yetu mshonaji amepata kitukuu na sasa hatupumui, mtoto akipiga chafya tunaletewa habari.

Mume wetu anakusalimu. Anakula vizuri.

Nimekuandikia kwa sababu ya ile mashine yake ya kuvulia samaki. Ule uzi wa kusuka uliomletea safari ile, wa kijani, hatimaye ameuvisha. Kazi ilimchukua asubuhi nzima, bobini ikajaa, ikapendeza. Sasa ajabu ni hii: akifunga jiwe mwisho wa uzi na kuliweka uani ili alivute, anazungusha mkono wa mashine, bobini inazunguka, jiwe limekaa palepale. Uzi wote unateleza kwa pamoja kama pete kwenye kidole kilichokonda. Kakaza breki mpaka mwisho, wapi! Kaifungua mashine yote juu ya meza, kaipaka mafuta, kairudisha, wapi! Amekasirika sana. Wewe ndiye unayeshinda kwenye duka la vitu hivyo, niambie tufanyeje.

Usinipigie simu kwa hili. Simu yangu inapayuka mpaka barazani na sitaki ajue nimeuliza. Andika kama zamani, yule dada wa posta bado ananijua.

Mke Mkubwa

*

Tarehe 19 Februari

Mke mwenzangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mliniokota nikiwa sijui hata kufunga kamba za viatu, mama alipofariki, mkanilea. Vinginevyo wake wa mume mmoja hawaamkiani, tuko sawa.

Mimi ni mzima. Chumba changu kinapata jua asubuhi tu, nguo zinakauka kwa zamu. Bosi wetu, yule tunayemwita Bwana Usikae, ameondoa kiti cha mwisho kilichokuwa nyuma ya kaunta. Anasema mteja akimkuta muuzaji amekaa, hanunui. Basi mimi na miguu yangu tunasalimiana tu jioni.

Sasa mashine. Haina ubovu wowote. Bobini yake ni chuma kilichosuguliwa, na uzi wa kusuka haunyumbuki wala haushiki chuma. Ukiufunga kwenye chuma kitupu utateleza tu, ukaze breki usikaze. Toeni uzi wote. Chukueni mshipi wa kawaida wa nailoni, mfunge kwenye kiini cha bobini na kuzungusha tabaka chache. Nailoni inajikaza yenyewe juu ya chuma. Hilo ndilo godoro. Juu yake ndipo mnaunga uzi wa kusuka, kwa fundo ambalo kila upande unamzunguka mwenzake, na mliloweshe kwa mate kabla ya kulikaza.

Baada ya hapo kazi ni ya watu wawili. Mmoja azungushe, mwingine aubane uzi ndani ya kitambaa kibichi unapopita. Asibane mpaka mwenzake atoke jasho, ila asiachie hata kidogo, na kitambaa kikikauka akiloweshe tena, la sivyo uzi utamkata vidole. Uzi ukikaa mlegevu, siku samaki akivuta, wa juu unazama ndani ya wa chini, unakwama, unakatika. Na msijaze mpaka pomoni, ukingo wa bobini uonekane kidogo.

Lakini Mke Mkubwa, mbona unaniuliza mimi? Haya yote alinifundisha yeye, kwenye meza ile ile ya kutengenezea saa. Mimi na kitambaa, yeye akizungusha, nikilegea kidogo tu ananiambia, “Kaza, mke wangu, kaza, mume asikimbie.” Neno godoro ni lake. Mtu huyo anavishaje uzi kwenye chuma kitupu? Mwambie nimeshaishtukia janja yake. Ananipima kama bado nakumbuka.

Likizo yangu bado haijaeleweka.

Mke Mdogo

*

Tarehe 2 Aprili

Kwako Mke Mdogo,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mvua zilikuwa kubwa, barabara ya posta ilikuwa tope tupu, na mimi na goti langu hatuelewani. Yule kuku mweupe tumemla. Alikuwa mgumu.

Haya, amekiri kwamba alikuwa anakupima. Amecheka sana.

Godoro tumeliweka. Fundo nimelifunga mimi, kwa kuwa macho yake yamechoka, na kitambaa nimeshika mimi. Mara ya kwanza niliharibu. Nilibana mwanzoni, katikati nikasikia sufuria inamwagika jikoni, nikageuka, mkono ukalegea. Tulipouvuta uzi uani ukazama, ukakwama pale pale nilipogeukia sufuria. Kumbe kile kitu kinaandika kila unachofanya! Mara ya pili nilitulia. Jiwe lilikuja mpaka kizingitini bila kusita, mume wetu akapiga makofi.

Nakuomba utuletee rola nyingine ya uzi huo wa kijani. Huu umeanza kuchakaa, umetoka vinyweleo na rangi imepauka.

Mke Mkubwa

*

Tarehe 20 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Uzi nimeutuma leo, pamoja na nailoni ya akiba na chai unayopenda.

Leo sitaki utani. Nauza uzi huu kila siku. Mvuvi wa kila wiki anakaa nao miaka. Ninyi mmekaa nao miezi miwili, tena kipindi cha mvua, na Babu haendi bwawani mvua ikinyesha, anasema samaki nao wana haki ya kupumzika. Umechakazwa na nini? Na tangu lini yeye akakuachia wewe ufunge fundo? Alikuwa anafungua saa ya kike ndogo kuliko shilingi bila miwani.

Tena barua zako zinasema “anakusalimu” tu. Zamani ilikuwa lazima aongeze mstari wake chini, wa kuniuliza kama nimeshampata kijana wa kumpindua. Sasa huu ni mwaka wa pili sioni mwandiko wake.

Nilikupigia Jumapili, ukasema una moto jikoni, ukakata. Niambie, Bibi.

Mjukuu wako

*

Tarehe 11 Juni

Mjukuu wangu,

Barua hii nimeianza na kuichana mpaka mshonaji akaniuliza kama naandikiana na mwanamume.

Babu yako si mzima. Mwili wake ni mzima, anakula na kupanda ngazi kunishinda mimi. Ni akili inayoondoka. Ilianza na saa. Mteja alikuja kuchukua saa yake akaikuta vipande vipande juu ya meza, na babu yako amekaa mbele yake, hajui kipande gani kinatangulia. Tukaomba radhi, tukasema ni homa. Ya pili ikawa hivyo hivyo. Kibao cha fundi nikakitoa mlangoni mwenyewe, nikawaambia watu amestaafu.

Mtu aliyezoea kazi ukimnyima kazi anazunguka. Alikuwa anazunguka nyumba nzima akifungua makabati, anatafuta kitu asichokijua, nikimuuliza anakuwa mkali. Siku moja akakuta ile mashine na uzi wako. Akakaa. Akazungusha asubuhi nzima akiwa ametulia kama zamani, nami nikakaa jikoni nikilia kwa furaha kwa sababu nyumba ilikuwa kimya. Halafu ndipo akafunga lile jiwe. Nilikuandikia kwamba alikasirika. Hakukasirika. Alizungusha, akazungusha, jiwe halikuja, akaanza kulia kwa sauti kama mtoto mdogo. Nilijua nikikosa dawa ya kile kitu, nimekosa dawa ya mume wangu. Ndiyo maana nikakuandikia.

Tangu ulipotufundisha habari ya godoro na kitambaa, tunafanya hivi. Asubuhi namwekea mashine mezani ikiwa na nailoni tu. Anaishika, anaitazama, anasema, “Hii haina uzi.” Anasema kwa raha, kama aliyepata mteja. Namjibu, “Basi tuvishe, fundi.” Mimi na kitambaa, yeye anazungusha. Mkono haujasahau, uzi anaulaza mstari kwa mstari, wala hasemi neno la hasira. Tukimaliza anakula, analala. Akilala mimi nautoa uzi wote uani, kutoka kizingitini mpaka kwenye bomba, naurudisha kwenye rola kwa ajili ya kesho. Huko ndiko uzi unakochakaa.

Sikutaka ujue kwa sababu nilitaka pabaki mtu mmoja anayemjua alivyokuwa.

Ila nami nikuulize. Safari ile uliyoleta uzi, uliondoka siku mbili kabla ya siku yako. Ulisema kazini wamekuita. Nilikutazama ukifunga begi, hukuwa na uso wa mtu aliyeitwa kazini.

Bibi yako

*

Tarehe 27 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama dukani, Bwana Usikae akaja mwenyewe na kiti, akasema, “Kaa.” Ujue nilikuwa na hali gani.

Kweli sikuitwa kazini. Unakumbuka nilivyofika siku ile, Babu akatoka getini akasema mbele ya wote, “Huyu binti mzuri ni nani? Ana mume?” Tulivunjika mbavu. Mshonaji alishika ukuta kwa kicheko. Ndiyo yaliyokuwa mapokezi yangu miaka yote, angesema kitu kingine ningeshangaa. Kesho yake jioni nikamkuta peke yake kwenye bomba, akaniuliza tena. “Binti, wewe ni wa nani?” Nikacheka, nikasema mimi ni mkeo mdogo. Hakucheka. Aliniangalia kwa adabu tu, akisubiri nimwambie. Nikamwachia ndoo nikaingia ndani.

Sikukwambia kwa sababu ningekwambia, lingekuwa kweli. Usiku wa kuamkia safari nilijidanganya kwamba ni utani wake umezidi kukolea. Labda hata pale getini hakuwa anatania, Bibi. Labda alikuwa anauliza kweli, na sisi wote tukamcheka.

Nataka kuja na naogopa kuja. Wewe anakusikiliza, anakuita, mnashika uzi pamoja. Mimi nitasimama getini nikiwa mtu wa kupita. Nipe muda kidogo.

Mjukuu wako

*

Tarehe 30 Julai

Kwako Mke Mdogo,

Hata mimi nilicheka pale getini, nilicheka kuwashinda wote. Sasa tuliache hilo.

Unasema mimi ananijua. Nami nilijua hivyo. Juzi tulikuwa kwenye uzi, nikalegea kidogo kwa sababu ya goti, akasema bila kuinua kichwa, “Kaza, mke wangu, kaza, mume asikimbie.” Nilikuwa sijaitwa mke wangu tangu mwaka uliopita. Nikakaza kweli, nikatamani bobini isijae. Halafu akaendelea, “Tuifanye vizuri, bibi yako akirudi kutoka sokoni tumwoneshe.”

Niliendelea kubana uzi. Akauliza, “Sawa?”

Nikajibu, “Sawa, Babu.”

Tangu siku hiyo ndivyo ilivyo. Nikishika kitambaa mimi ni wewe. Ananiuliza habari za shule, nampa. Ananiambia nisikimbie kimbie na viatu vipya. Nikimwambia mimi ni mkewe anahangaika, anaacha mashine, anaanza kufungua makabati. Basi nimeacha kumwambia. Tangu uko mdogo nakwambia utakuja kuninyang’anya mume, tunacheka. Haya, umeninyang’anya. Chukua na madeni yake.

Sitaki uje kwa ajili yake, yeye unaye tayari, mko pamoja kila asubuhi. Njoo kwa ajili yangu. Humu ndani siku hizi hakuna mtu hata mmoja anayejua mimi ni nani, na nimechoka, mwanangu. Nimechoka sana.

Mke Mkubwa

*

Tarehe 14 Agosti

Bibi,

Shikamoo. Nimepewa wiki mbili, na Bwana Usikae ametoa rola mbili za uzi akasema nisimshukuru. Nafika mwisho wa mwezi. Kitambaa nitashika mimi. Wewe utakaa kwenye kiti chako, mikono mitupu, unywe chai. Akinijua, akinisahau, nakuja.

Mjukuu wako

*

Tarehe 3 Oktoba

Kwako Mke Mdogo,

Natumaini ulifika salama na miguu imeshazoea tena kusimama. Goti langu lina nafuu tangu ulipolikanda. Mshonaji anakuulizia, anasema hujamsifia kitukuu ipasavyo. Chai uliyoacha naipima kama dawa.

Nakushukuru kwa wiki zile. Uliona mwenyewe, hakukuuliza wewe ni wa nani. Ulikaa, ukashika kitambaa, akakwambia ukaze, basi. Nilikuona unavyofuta macho kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Uzi ule uliobana wewe haukuzama hata mahali pamoja, mimi mpaka leo naacha alama za sufuria.

Kuna jambo hukuliona, nami sikuweza kukwambia kwa mdomo. Ni ile Jumamosi ya mwisho, uliposimama kwenda bombani kulowesha kitambaa. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu pale mwisho wa meza. Babu yako akaacha kuzungusha, akainua kichwa, akaniona. Akakaa sawa. Akafuta mkono kwenye shati, akafunga kifungo cha juu, akainama kidogo, akasema, “Shikamoo, mama.”

Mume wangu amenizidi umri, unajua. Tangu anioe ni mimi ninayemwamkia asubuhi, na yeye ananijibu kwa mikogo huku akinyoa ndevu. Sasa nikaona mtu mwenye mvi ameinamisha kichwa, anangoja niitikie kama alivyofundishwa na mama yake. Ningefanyaje? Nikasema, “Marahaba, mwanangu.”

Alifurahi. Akaniuliza kama nimetoka mbali. Nikamwambia, mbali sana. Akanitazama kwa huruma, akasema, “Basi pumzika, mama. Mke wangu yuko sokoni. Akirudi atakupikia chai. Anachelewa siku hizi, sijui amekwenda soko gani.” Akageukia dirishani, akatazama getini muda mrefu. Ndipo wewe ukaingia na kitambaa, akaendelea kuzungusha.

Nimelibeba jambo hilo mpaka leo. Nilidhani amenisahau, nami nikaomboleza kimya kimya kama mjane. Kumbe ananingoja. Kila siku niko mbele yake, na kila siku anatazama getini anione narudi.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho akishakunywa uji, kabla ya uzi, nitatoka kwa mlango wa jikoni na kikapu, nizunguke nyumba ya mshonaji, niingie kwa getini nikipiga hodi. Nitavaa ile kanga ya bluu aliyoninunulia yeye. Huenda akanipokea, huenda akaniamkia tena, nami nitaitikia. Nikishindwa kesho nitajaribu keshokutwa. Nyanya nimenunua leo, ili kikapu kisiwe kitupu, na nimeshakiweka karibu na mlango.

Mke Mkubwa